Ujasiri Unaojengwa kwa Ungamo: Ushirika wa Uamsho na Changamoto za Kila Siku Afrika Mashariki, 1929–1994

IKISIRI

Insha hii inachunguza jinsi waumini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, waliojulikana kwa jina la walokole, walivyopata ujasiri wa kukabili changamoto za maisha yao ya kila siku. Maandishi mengi kuhusu vuguvugu hili yameeleza ujasiri huo ama kama matunda ya mafundisho ya kiteolojia, ama kama tabia ya viongozi wachache mashuhuri. Insha hii inatoa hoja tofauti. Inabainisha kwamba ujasiri wa walokole ulikuwa zao la utaratibu wa kijamii uliorudiwa kila juma: ungamo la wazi, urejeshaji wa mali, kukosoana bila kujali cheo, na ushuhuda. Utaratibu huo ulianza katika mambo madogo ya nyumbani na kazini kabla ya kujaribiwa na mamlaka za kikanisa, na baadaye na vita na udikteta. Aidha, insha inaonesha kwamba pale utaratibu huo ulipolegea, lugha ya wokovu ilibaki lakini ujasiri ulitoweka, kama ilivyodhihirika nchini Rwanda mwaka 1994.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, maneno ushujaa na ujasiri hukaribiana kimaana lakini hayalingani. Ushujaa kwa kawaida huhusishwa na vita, mashindano na mashujaa wa tenzi. Ujasiri una mawanda mapana zaidi, na katika matumizi ya Kikristo umepata maana mahususi. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1952, neno ujasiri linatumika kuelezea namna Petro na Yohana walivyosema mbele ya wakuu wa Yerusalemu katika sura ya nne ya Matendo ya Mitume, na pia namna mwamini anavyopaswa kukikaribia kiti cha Mungu katika Waebrania 4:16. Katika miktadha yote miwili, ujasiri ni uwezo wa kusema pasipo kuficha mbele ya mwenye nguvu. Hauhusu mapigano.

Maana hiyo ndiyo msingi wa insha hii. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza katika mipaka ya Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 uliwafanya watu wa kawaida, wakiwamo wasaidizi wa hospitali, walimu wa shule za vijijini, wake wa wakulima na makatekista, waseme wazi mbele ya waume, machifu, wamisionari, askari na hatimaye marais. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: watu hao waliupata wapi uwezo huo, na kwa nini katika nyakati nyingine uliwaponyoka?

Wataalamu wametoa majibu mbalimbali. Max Warren, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliuona Uamsho kama tukio la kiroho linalopaswa kupimwa kwa vigezo vya historia ya Kanisa. Catherine Robins, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1975, aliutazama kama mwitikio wa kijamii nchini Uganda. Derek Peterson (2012) ameonesha jinsi walokole walivyogongana na wazalendo wa kikabila waliotaka kulinda nidhamu ya ukoo na heshima ya jamii zao. Insha hii inanufaika na kazi hizo, lakini inaelekeza macho mahali palipotajwa mara nyingi na kuchambuliwa mara chache: mkutano wa kila juma wa ushirika kama karakana ya ujasiri.

2.0 Usuli: njaa, uchovu na mkutano wa Namirembe

Chimbuko la Uamsho haliwezi kutenganishwa na kushindwa. Joe Church, daktari Mwingereza aliyesomea Cambridge, alifika Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, mwaka 1928 akiwa mtumishi wa misheni ya Kianglikana. Aliikuta njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu waliodhoofika walimiminika katika kituo cha misheni ambacho hakikuwa na uwezo wa kuwahudumia. Daktari aliyetarajia kujenga hospitali alijikuta akigawa chakula na kuzika maiti. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho.

Septemba 1929 Church alikwenda Kampala. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi na elimu aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, wakitafuta katika maandiko habari za Roho Mtakatifu. Katika mazingira ya ukoloni tukio hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Mzungu mwenye taaluma ya udaktari alimkiri Mwafrika kwamba nguvu zimemwishia, na Mwafrika huyo hakumhurumia tu bali alimwongoza. Baada ya hapo Nsibambi aliacha ajira na kujitolea kuhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha na kuinjilisha.

Tukio la pili la msingi linamhusu Yosiya Kinuka, Mnyankole aliyekuwa msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa imezorota. Wasaidizi walikuwa wakinung'unika na uhusiano kati ya Kinuka na Kigozi ulikuwa mbaya. Kinuka alipokwenda Kampala, Nsibambi alimuuliza habari za hospitali. Alipoeleza mabaya yaliyokuwako, Nsibambi alimwonesha kwamba chanzo cha mabaya hayo kilikuwa ndani ya moyo wake mwenyewe. Katika safari ya kurudi Gahini Kinuka alitubu, na alipofika aliungama mbele ya wenzake.

Mpangilio wa kisa hicho unafaa kuzingatiwa. Changamoto ilikuwa ya kawaida kabisa: mahali pa kazi palipojaa uvivu, wivu na lawama. Jibu alilopewa Kinuka halikuwa faraja, wala halikuwa ahadi kwamba mambo yatakuwa mema. Alitakiwa kuanza na sehemu yake mwenyewe katika tatizo, kisha aiseme hadharani. Mfumo huo wa kujichunguza, kuungama na kurekebisha ndio uliosambaa baadaye katika Afrika Mashariki nzima.

Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa Gahini uligeuka kuwa usiku wa maungamo. Mwaka 1935 timu ya Gahini ilihubiri Kabale, wilayani Kigezi. Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa ya kupe, na kifo chake kiliongeza kasi ya ujumbe wake wa kuliamsha Kanisa lililolala. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete nchini Kenya, na mwaka 1939 ujumbe ulikuwa umeingia Katoke, magharibi mwa Tanganyika. Kutoka hapo ulivuka mipaka ya madhehebu na kuingia katika Kanisa la Kilutheri la Wahaya. Josiah Kibira, aliyelelewa kiroho katika ushirika huo, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1977 alichaguliwa jijini Dar es Salaam kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

3.0 Utaratibu wa ushirika na uundaji wa ujasiri

3.1 Ungamo kama hesabu

Jina walokole linatokana na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Hata hivyo, kuokoka kwao hakukuwa tukio la mara moja lililofungwa. Kila juma, na mahali pengine zaidi ya mara moja kwa juma, ndugu walikutana chini ya mti, katika nyumba ya mwenzao au katika kanisa dogo. Waliimba, hasa wimbo wa Kiganda unaojulikana kwa jina la Tukutendereza, ambao ulikuwa alama ya utambulisho wao hata miongoni mwa wasiojua Kiganda. Walisoma Biblia, kisha kila mmoja alitoa ushuhuda wa siku zilizopita: wapi alianguka, wapi aliinuliwa, nani alimkosea.

Andiko lililorejewa sana lilikuwa sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, inayohusianisha kuenenda katika nuru na kushirikiana. Kutokana na andiko hilo msemo "kutembea nuruni" ulipata maana ya kiutendaji, yaani kuishi bila jambo lililofichwa mbele ya ndugu. Neno jingine la ushirika lilikuwa "kuvunjika", kwa maana ya kukubali kuonekana mkosaji badala ya kujitetea.

Peterson (2012) ameeleza kwamba ushuhuda wa walokole ulifanana na utunzaji wa hesabu: dhambi ziliorodheshwa moja moja na deni la kila moja lilipaswa kulipwa. Uchunguzi huo ni muhimu kwa hoja ya insha hii, kwa kuwa ungamo la walokole lilikuwa na matokeo ya kimali. Aliyeiba kazini alirudisha alichoiba au thamani yake. Aliyekwepa kodi alikwenda kwa ofisa wa serikali kulipa. Mfanyabiashara aliyepunja wateja aliwatafuta. Waajiri na maofisa wa kikoloni walishangaa kupokea mali ambazo hawakujua kwamba zimepotea.

Kitendo hicho kilijenga ujasiri kwa njia mbili. Kwanza, kilimwondolea mtu hofu ya kufichuliwa. Katika mazingira ya ukoloni, ambamo mwajiri, chifu na mmisionari walikuwa na uwezo mkubwa wa kumwadhibu mtu, siri ilikuwa kamba shingoni. Mtu aliyekwisha kujifichua mwenyewe hakuwa na cha kutishiwa. Pili, kilimzoesha kwenda mbele ya mkubwa na kusema neno gumu. Msaidizi wa hospitali aliyekwenda kwa daktari kukiri wizi wake, akijua kwamba huenda akafukuzwa, alikuwa amefanya zoezi ambalo angelihitaji tena katika mambo makubwa zaidi. Kwa mantiki hiyo, ujasiri ulitangulia kutendwa katika jambo dogo, na baada ya kutendwa ndipo ulipohisiwa.

Ni lazima kusisitiza pia kwamba ungamo lilielekea pande zote mbili za mpaka wa rangi. Church na wamisionari wengine walikiri hadharani kiburi chao cha rangi mbele ya Waafrika. Ushirika haukuvunja mfumo wa kikoloni. Hata hivyo, uliunda mahali pachache ambapo Mwafrika aliweza kumkemea Mzungu na Mzungu akatarajiwa kusikiliza. Wamisionari wengi hawakulipenda jambo hilo, na upinzani wao dhidi ya Uamsho kwa sehemu ulitokana na hilo.

3.2 Nyumbani: ndoa, miiko na nafasi ya mwanamke

Uwanja wa kwanza wa majaribio ulikuwa nyumba. Mume aliyeokoka alitarajiwa kuungama uzinzi wake kwa mkewe, jambo ambalo kwa wazee wa jamii nyingi lilikuwa kujidhalilisha. Mke aliyeokoka kabla ya mumewe alikabiliwa na mtihani mgumu zaidi, kwani kukataa kupika pombe ya sherehe au kushiriki matambiko kulihesabiwa kuwa uasi. Nchini Uganda walokole walivunja miiko ya chakula iliyowabana wanawake. Mwanamke kula kuku na mayai, vyakula ambavyo mila ya Kiganda iliwakataza wanawake, kulikuwa ushuhuda usiohitaji maneno.

Mambo haya yanaweza kuonekana madogo. Hata hivyo, kwa mwanamke wa kijijini, mezani ndipo mamlaka yalipoonekana kwa macho kila siku. Ushirika ulimpa vitu vitatu ambavyo asingeweza kuvipata peke yake: lugha ya kueleza kwa nini anakataa, mashahidi wa kukataa kwake, na nyumba za kukimbilia iwapo angepigwa au kufukuzwa. Wajane na wasichana waliokataa kuozwa kwa nguvu walipata katika ndugu wa ushirika jamaa wapya. Nafasi ya ukoo ilizibwa na undugu wa imani, na salamu ya "Bwana asifiwe" ilimtambulisha mgeni kama mtu wa nyumbani hata nje ya kabila lake.

Gharama ya hatua hiyo haipaswi kufichwa. Kupata ndugu wapya mara nyingi kulimaanisha kuwapoteza wa zamani. Wazee waliwalaumu walokole kwa kuanika siri za ukoo mbele ya watoto na wageni, na lawama hiyo ilikuwa na msingi. Ungamo la mtu mmoja lilimtaja na mwingine. Aliyekiri uzinzi alimfichua pia mwanamke au mwanamume ambaye hakuwa ameamua kusema. Ujasiri wa mmoja ulikuwa fedheha kwa mwenzake, na ushirika haukuwa na jibu la kuridhisha kwa tatizo hilo.

3.3 Hofu ya pepo na wafu

Katika Kigezi na kaskazini mwa Rwanda, ibada ya Nyabingi ilikuwa na nguvu kubwa kabla ya Uamsho. Waganga wa Nyabingi walipokea sadaka kutoka kwa watu waliogopa ugonjwa, utasa na vifo vya mifugo, na ibada hiyo iliwahi pia kuwa chombo cha upinzani dhidi ya utawala wa Waingereza. Mtu aliyeacha kutoa sadaka alikuwa anajiweka wazi kwa hatari ambayo jirani zake wote waliiamini.

Wamisionari wa awali walishughulikia hofu hiyo kwa kuikanusha: hakuna pepo, hivyo hakuna cha kuogopa. Walokole walitumia njia nyingine. Hawakukanusha kuwapo kwa nguvu hizo. Walidai kwamba damu ya Kristo ina nguvu zaidi. Hirizi na vifaa vya matambiko vilichomwa hadharani, na baada ya hapo jamii nzima ilisubiri kuona nini kitampata mhusika. Hapa ndipo ushirika ulipokuwa na kazi kubwa. Mtoto wa mlokole alipougua siku chache baadaye, jirani walijua sababu, na hata mzazi mwenyewe aliweza kuanza kushuku. Ndugu walikuja kukesha, kuomba, kulima shamba lake na, ikibidi, kuzika pamoja naye bila kurudi kwa mganga. Imani iliyotamkwa siku ya kuchoma hirizi ilishikiliwa na watu wengi wakati mmoja asingeweza kuishikilia.

4.0 Ujasiri mbele ya mamlaka

4.1 Mukono, 1941

Jaribio la kwanza kubwa la hadharani lilitokea ndani ya Kanisa lenyewe. Katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, kikundi cha wanafunzi walokole kilikuwa kikiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na kilikosoa waziwazi kile kilichoonekana kuwa ulegevu wa kimaadili na wa mafundisho chuoni. Uongozi ulipiga marufuku mikutano hiyo. Wanafunzi walikataa kutii, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda.

Wanafunzi hao walipoteza nafasi ya upadri, ajira na heshima iliyoambatana nayo. Hata hivyo, hawakuanzisha kanisa jipya. Nagenda alikuwa mhubiri mlei aliyezunguka nchi nyingi, na walokole kwa ujumla walibaki ndani ya Kanisa la Uganda, huku Askofu Cyril Stuart naye akijitahidi kuzuia mgawanyiko. Uamuzi wa kubaki mahali ulipofukuzwa, bila kunyamaza na bila kuondoka, ni aina ya ujasiri ambayo historia ya makanisa huru ya Afrika haijaizungumzia vya kutosha. Iliwezekana kwa sababu makao halisi ya walokole yalikuwa ushirika wa kila juma, na uongozi wa chuo haukuwa na uwezo wa kuufuta.

4.2 Kenya wakati wa Hali ya Hatari

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu walokole, walioitwa ahonoki, walijikuta kati ya pande mbili zenye silaha. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka wale kiapo. Serikali iliwataka wajiunge na walinzi wa vijiji na kubeba bunduki. Ahonoki wengi walikataa yote mawili. Kiapo kilikataliwa kwa sababu kilihusisha damu ya mnyama, ilhali wao walijiona wamefungwa na damu ya Kristo. Silaha zilikataliwa kwa sababu aliyepaswa kupigwa risasi alikuwa mtu ambaye Kristo alimfia. Baadhi waliuawa na wapiganaji. Wengine walishukiwa na serikali kwa kukataa kwao kushirikiana.

Msimamo huo umesifiwa sana katika maandishi ya kikanisa, na kwa haki. Hata hivyo, mwanahistoria analazimika kuuliza zaidi. Ushirika uliokuwa na lugha kali dhidi ya wizi wa shilingi chache kazini ulikuwa na maneno machache kuhusu ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Hesabu za ungamo ziliandikwa kwa nafsi ya kwanza umoja. Dhambi iliyotendwa na sheria, kampuni au serikali haikupata mahali katika daftari hilo. Kwa wapiganaji wa msituni, ukimya huo ulionekana kuwa usaliti. Si sahihi kusema kwamba ahonoki walikuwa waoga, kwa kuwa walikufa. Ni sahihi kusema kwamba ujasiri wao ulifuata mkondo ambao mazoezi yao ya kila juma yalikuwa yameuchimba, na mkondo huo haukufika kwenye suala la ardhi.

4.3 Uganda chini ya Idi Amin

Kufikia miaka ya 1970 viongozi kadhaa wa Kanisa la Uganda walikuwa zao la Uamsho. Janani Luwum, Mwacholi aliyezaliwa mwaka 1922, aliokoka Januari 1948 akiwa mwalimu, na mwaka 1974 alikuwa askofu mkuu. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950 na ambaye mwaka 1960 alitafsiri kwa Kiswahili mahubiri ya Billy Graham huko Moshi, alikuwa askofu wa Kigezi tangu 1972.

Luwum hakuanza kwa kumpinga Amin hadharani. Alikuwa akienda kwa rais na kwa maofisa wake kuwaombea watu waliokamatwa, na wapo waliomlaumu kwa ukaribu huo. Kwa mtazamo wa insha hii, mwenendo wake ulikuwa mwendelezo wa desturi ya walokole ya kumwendea mkosaji na kumwambia kosa lake ana kwa ana kabla ya kulitangaza. Mapema Februari 1977 askari waliivamia na kuipekua nyumba yake huko Namirembe. Maaskofu waliandika barua ya pamoja kulalamikia upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa kwenye mkutano Kampala. Wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini. Jumapili iliyofuata umati ulikusanyika Namirembe mbele ya kaburi tupu, kwa kuwa mwili ulikuwa umepelekwa Mucwini, kijijini kwake, chini ya ulinzi.

Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Katika mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake linadai kwamba anampenda Idi Amin. Wengi waliona jina hilo kuwa la ajabu, hata la kuudhi. Likisomwa katika muktadha wa ushirika, ni ungamo: Kivengere alikuwa akikiri kwamba chuki imeanza kumtawala na kwamba asipoileta nuruni itamharibu. Aliyejifunza katika miaka ya nyuma kuungama wivu wake dhidi ya mwenzake kazini alitumia utaratibu uleule dhidi ya mwuaji wa rafiki yake.

5.0 Mipaka ya ujasiri

Historia hii ingekuwa kamili iwapo ingeishia Namirembe. Haiishii hapo. Katika miaka ya 1960 na 1970 ushirika wenyewe uligawanyika. Kikundi kilichojiita Waliofufuka, chini ya Yona Mondo nchini Uganda, kiliwashutumu ndugu wengine kwa kulegeza msimamo, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa vikali ni mikopo na kununua kwa deni. Kwa upande mmoja, suala hilo linaonesha jinsi imani ya walokole ilivyogusa fedha za kila siku. Kwa upande mwingine, kukosoana kulikokuwa dawa kuligeuka kuwa kipimo cha nani ni ndugu wa kweli.

Mpaka mzito zaidi ulionekana Rwanda, nchi ya Gahini. Tangu machafuko ya Novemba 1959 wakimbizi wengi, wakiwamo walokole, walikimbilia Uganda, Tanganyika na Burundi. Katika miongo iliyofuata uongozi wa Kanisa la Anglikana uliobaki nchini ulikuwa karibu na serikali. Mauaji ya kimbari yalipotokea kati ya Aprili na Julai 1994, viongozi wakuu wa Kanisa hilo, wakizungumza na waandishi wa habari jijini Nairobi mwezi Juni, walishindwa kuilaani serikali iliyokuwa ikiyaendesha. Askofu mmoja alishtakiwa baadaye katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, akafariki mwaka 2003 kabla ya kesi yake kusikilizwa. Wapo waumini wa kawaida waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha maisha, lakini taasisi iliyozaliwa na Uamsho haikusema.

Ufafanuzi wa haraka ni kwamba imani yao ilikuwa ya juujuu. Insha hii haikubaliani na ufafanuzi huo, kwa sababu hauelezi kwa nini urithi uleule ulimzaa Luwum. Ufafanuzi unaofaa zaidi unapatikana katika utaratibu. Luwum alikuwa askofu mkuu ambaye bado aliweza kukosolewa na ndugu zake na aliyeandika barua pamoja na maaskofu wenzake. Pale kiongozi anapolindwa na dola na hakuna katekista anayeweza kumwambia kwamba amekosea, nyimbo huendelea, salamu huendelea na ushuhuda huendelea, lakini zoezi lililouzaa ujasiri limekoma. Aidha, udhaifu ulioonekana Kenya ulijitokeza tena kwa ukubwa wa kutisha: ungamo la dhambi binafsi halikuwa limewafundisha waumini kuungama dhambi inayotendwa kwa jina la kabila na serikali.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba ujasiri wa walokole wa Afrika Mashariki haukushuka kwa mtu mmoja mmoja kama kipaji, wala haukutokana na mafundisho peke yake. Ulijengwa katika ushirika kwa vitendo vinavyoweza kutajwa: kuungama, kurejesha, kukosoana na kushuhudia. Vitendo hivyo vilianza katika wodi ya Gahini, mezani kwa mwanamke wa Kiganda na katika mkesha wa mtoto mgonjwa Kigezi. Waliofanya mazoezi katika mambo hayo waliweza kusimama Mukono, Murang'a na Kampala.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti. Kwanza, wanahistoria wa Ukristo barani Afrika wanapaswa kuupa mkutano mdogo wa kila juma uzito uleule wanaoupa mkutano mkubwa wa injili na wasifu wa maaskofu. Pili, swali kuhusu imani na ujasiri halipaswi kuishia katika kile ambacho waumini waliamini. Linapaswa kufika kwenye kile walichozoea kuambiana. Nsibambi hakumpa Kinuka nguvu za kurudi hospitalini kwa kumwambia kwamba yeye ni mwema. Alimwambia ukweli, na Kinuka akarudi kwa wenzake kuusema. Katika kipindi chote kilichochunguzwa, ujasiri ulidumu mahali ambapo mtu wa namna hiyo aliendelea kuwapo na aliendelea kusikilizwa.